Mashine inanitemea maji saa tisa usiku

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 52, naishi Uyole hapa Mbeya, nina mke na watoto wanne. Nina Fuso yangu, napakia viazi kupeleka Dar. Kukoroma nimekoroma tangu ujana na nyumbani lilikuwa jambo la utani tu, kwa sababu hata marehemu baba akilala mtaa mzima ulijua. Miaka hii ya karibuni utani umekwisha. Nikawa nashtuka usiku kama mtu aliyekabwa koo, natweta, jasho linanitoka na huku nje kuna baridi ya kukata. Mama akasema ni jinamizi, tukaombewa. Mke wangu akahamia chumba cha watoto. Hatukugombana, alitaka tu na yeye alale.

Kilichonipeleka hospitali ni barabara. Mwezi wa tatu nilisinzia nikiwa nimepita Igawa kidogo, nikazinduka kwa kelele za utingo, tairi za kushoto ziko kwenye changarawe. Na usiku ule nilikuwa nimelala saa nane nzima! Hospitali wakanikuta na presha, wakanipa kidude cha kulala nacho, kimoja kidoleni na mrija puani. Majibu yakasema pumzi yangu inakatika mara 41 kwa saa. Daktari akasema ugonjwa unaitwa apnea ya usingizi, akaniandikia mashine ya CPAP, ile inayopuliza hewa kupitia mpira hadi kwenye barakoa unayolala nayo puani. Mwanangu mkubwa na wadogo zangu wakachanga, ikanunuliwa mpya dukani.

Shangazi, imenishinda. Usiku wa kwanza niliivua baada ya dakika kumi, naona kama mtu kanishika uso ananipulizia. Mtoto wa mwisho ananiita rubani. Nikijikaza sana nafika saa tisa, hapo mpira unaanza kulia gulu-gulu-gulu na maji ya baridi yananimwagikia puani. Fundi redio wa hapa mtaani kaikagua, anasema huenda hizi mashine za nje haziwezi mwinuko wetu, akanishauri kwenye kitangi chake niache maji ya bomba niweke maji ya betri. Mimi nikaona tatizo ni baridi, nikaanza kuingiza jiko la mkaa chumbani ili hewa iwe ya moto. Maji yalipungua, ila naamka kichwa kinagonga. Mdomo unakauka, upepo unanipiga machoni, tumbo linajaa gesi. Jirani alinichungulia dirishani, sasa inasemwa niko kwenye oksijeni, nahesabu siku. Mke wangu alirudi siku mbili akaondoka tena. Anasema kelele angevumilia, ila ile sura inamtisha.

Wiki ya pili sasa mashine iko chini ya kitanda. Madalali wananipigia simu, viazi vimeshachimbwa. Na huku kwetu salamu ni "ugonile", ni kama kukuuliza umelalaje. Kila asubuhi nakosa jibu. Niirudishe? Na umeme ukikatika nikiwa nimeivaa, si nitafia humo?

Mkoromaji wa Uyole

*

Marahaba, baba. Ingawa kwa umri ulioutaja huenda mimi na wewe tulicheza kombolela mwaka mmoja.

Kabla sijagusa mashine: hilo jiko la mkaa litoe chumbani leo, na lisirudi. Najua baridi ya kwetu huku na najua nyumba nyingi zinalala na jiko. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu hasikii kukabwa. Anasinzia, halafu haamki. Mashine yako haitakukinga kwa lolote, maana haitengenezi hewa. Inavuta hewa ya chumba hicho hicho, inaichuja vumbi, inakusukumia. Ukiipa hewa ya jiko, itakupelekea hewa ya jiko moja kwa moja puani. Kichwa kuuma asubuhi huweza kuletwa na apnea yenyewe, lakini kwa maelezo yako mimi namshuku jiko kwanza. Na siyo wewe tu, mwenzio na watoto wako upande wa pili wa ukuta huo huo.

Sasa maji. Nilicheka niliposoma, na si kwa kukudharau. Mume wangu anavaa mashine kama hiyo mwaka wa nne sasa, hapa Iringa, na mwezi wa sita wa mwaka wa kwanza aliruka kitandani saa tisa hiyo hiyo akipiga kelele kwamba paa linavuja. Tukawasha taa, tukatazama dari. Dari kavu. Maji yanadondoka kutoka kwenye pua yake.

Mashine yako haivuji. Kile kitangi cha maji kinapasha hewa na kuitia unyevu ili koo lisikauke. Hewa hiyo ya vuguvugu inatoka inapita kwenye mpira wa karibu mita mbili, na mpira wenyewe umelala kwenye chumba ambacho Juni na Julai kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Ulishawahi kufunua sufuria ya wali ukaona matone chini ya kifuniko? Au asubuhi ukiingia kwenye Fuso, kioo cha mbele kwa ndani? Ndicho kinachotokea ndani ya mpira wako. Saa tatu usiku chumba bado kina joto la watu na la jiko la jikoni, kwa hiyo husikii kitu. Kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo baridi inavyozidi, matone yanakusanyika kwenye kona ya mpira iliyolala chini, hewa inayachezea, na hapo unasikia gulu-gulu. Mashine hiyo hiyo ingekuwa Kyela kwa joto lao, usingesikia habari hiyo.

Tiba yake ni ya kushona. Nilichukua sweta la zamani la mwanangu wa sekondari, la sufu, nikakata mikono yote miwili, nikaiunga ncha kwa ncha, nikauvisha mpira kama soksi. Mpira unapita chini ya blanketi, unatokea shingoni tu. Mashine tukaishusha kutoka kwenye kabati la kichwani tukaiweka kwenye kigoda, chini ya usawa wa godoro, ili tone likijikusanya lirudi kwenye kitangi lisije usoni. Halafu tukapunguza namba ya unyevu ngazi moja. Usipunguze mpaka sifuri, koo litakusuta. Kuna mashine zinazokubali mpira wenye waya wa joto ndani yake, na kama yako ni ya aina hiyo, uliza bei, ila anza na sweta. Mashine yenyewe usiifunike. Inahitaji kuvuta hewa.

Maji ya betri usiyatie. Fundi wako ana nia njema na yuko karibu na ukweli, kwa sababu kinachotakiwa ni maji yaliyotoneshwa, yasiyo na madini. Lakini kwenye maduka yetu ya vipuri, chupa inayoitwa maji ya betri mara ina maji tu, mara ina asidi, na unachotia kwenye kitangi kinakwenda kwenye mapafu yako. Tafuta maji yaliyotoneshwa kwenye duka la dawa. Yakikosekana siku mbili tatu, chemsha maji, yaache yapoe, weka hayo. Yatabakiza ukoko mweupe kama wa birika, utausafisha kwa siki iliyozimuliwa na kuusuuza vizuri. Kila asubuhi mwaga yaliyobaki, anika kitangi. Barakoa ifute kila siku, maana mafuta ya uso ndiyo yanayoifanya iteleze. Mpira na kitangi vioshwe kwa sabuni laini kila wiki.

Suala la mwinuko nalimaliza haraka: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mashine nyingi za sasa hujirekebisha zenyewe hadi zaidi ya hapo. Kijitabu chake kina ukurasa unaosema mwisho ni mita ngapi. Labda ungehamia Kitulo ndipo tungekaa tukahesabu.

Nataka nirudi kwenye saa tisa, kwa sababu hapo ndipo unapopoteza na hujui. Ugonjwa wako ni huu: ukilala, misuli ya koo inalegea, ulimi na nyama laini za nyuma zinaangukia njia ya hewa na kuiziba. Ili ihesabiwe, pumzi lazima ikatike au ipungue sana kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, unakuamsha nusunusu, unavuta hewa kwa kishindo, unazama tena. Mara 41 kwa saa ni kila dakika moja na nusu. Kuanzia 30 madaktari wanaita kali. Ndiyo maana ulilala saa nane ukaamka umechoka kama mtu aliyekesha msibani. Ulikuwa umekesha, hukujua tu. Jinamizi mama alilolisema ni hilo.

Sasa, misuli inalegea kuliko wakati wote kwenye usingizi wa ndoto, na usingizi huo mwingi unakuja nusu ya pili ya usiku, kuelekea alfajiri. Kwa wagonjwa wengi hapo ndipo pumzi zinapokatika kwa muda mrefu zaidi. Wewe unaivaa saa nne usiku, unaivua saa tisa, yaani unafungua mwavuli kwenye manyunyu na kuufunga mvua ikianza. Kulala nayo kwa muda wa saa nne kila usiku ni kipimo ambacho madaktari wengi hutumia kusema mtu anaitumia mashine, kwa hiyo usijione umeshindwa, ulikuwa umeshafikia. Ila tunachotafuta ni mpaka kuche.

Hizo dakika kumi za usiku wa kwanza hazinishangazi. Wewe uliivaa gizani, umechoka, umeshikwa na hofu. Nani angelala? Mume wangu aliishinda akiwa macho. Baada ya chakula cha jioni alikaa kwenye kochi na barakoa mkononi, bila mikanda, bila umeme, anaishikilia puani huku anasikiliza taarifa ya habari. Siku mbili hivyo. Halafu akafunga mikanda. Halafu akawasha mashine, amekaa, anatazama mpira Simba wakifungwa (mimi ni Yanga, nilifurahi mara mbili). Wiki nzima hakulala nayo hata usiku mmoja, na daktari wake alikubali. Usiku alipoingia nayo kitandani, uso wake ulikuwa umeshaizoea. Ukipata usingizi wa mchana, lala nayo pia.

Tafuta kwenye mashine yako sehemu ya kuanza polepole. Inaanza na msukumo mdogo, inapanda taratibu wewe ukiwa umeshasinzia. Na huo msukumo usikutishe. Unapimwa kwa sentimita za maji, kwa kawaida kati ya 4 na 20. Chukua mrija wa soda, utumbukize sentimita 10 kwenye jagi la maji, pulizia mpaka povu litoke chini. Nguvu hiyo ndiyo 10. Mtoto wako rubani anaweza. Haikukandamizi pumzi, inashikilia koo lisijifunge, basi. Namba aliyoiweka daktari iache kama ilivyo, usiibadilishe mwenyewe wala fundi redio asiibadilishe.

Upepo wa machoni maana yake barakoa inavuja pembeni ya pua, na nadhani umekaza mikanda sana. Wote tunakaza. Ukikaza, mto wa barakoa unajikunja na kuvuja zaidi, na pua inachubuka. Lala chali, washa hewa, legeza mikanda yote, ivute barakoa kidogo mbele ijae hewa, iache ikae yenyewe, ndipo ukaze mpaka kidole kipite chini ya mkanda. Ndevu za juu ya mdomo kama zipo zipunguze. Mdomo kukauka ni kwa sababu unalala mdomo wazi na hewa inatokea huko. Kuna barakoa inayofunika pua na mdomo, na kuna mkanda wa kidevu, waombe hospitali wakujaribishie. Pua ikiziba kwa mafua ya baridi, isuuze kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Gesi tumboni ni hewa unayoimeza. Inua kichwa cha kitanda, lala ubavu, na isipokwisha kwa wiki mbili mwambie daktari, huenda namba ni kubwa kuliko unavyohitaji.

Umeme ukikatika hufi. Barakoa zote hizi zina matundu madogo ya kutolea pumzi, na ile ya pua na mdomo ina kilango kinachofunguka chenyewe msukumo ukikatika. Utaamka kwa ukimya, utaivua, utakoroma kama zamani mpaka urudi. Kwa mtu anayelala kwenye gari kama wewe, mashine nyingi zinakubali umeme wa volti 12 kwa waya wake maalumu, na ukizima joto la kitangi hazili betri sana. Muulize muuzaji waya huo mapema.

Na hapo tunafika kwenye Fuso. Umeniuliza kama uirudishe mashine. Hukuniuliza kama uendeshe. Nakujibu la pili. Usiendeshe mpaka uwe umelala nayo usiku kucha kwa wiki kadhaa na daktari akuruhusu. Umesinzia Igawa, kwenye tambarare, ukaamkia changarawe. Ungesinzia kwenye kona za Kitonga ungeamkia wapi? Najua madalali wanapiga simu. Najua viazi vikikaa vinaota. Tafuta dereva wa deiwaka mwenye leseni na sifa, mpe gari, wewe kaa kiti cha pembeni au baki nyumbani uhesabu magunia. Faida itapungua. Ipungue. Na jioni za safari, kama huwa unapitia ulanzi pale Mafinga kidogo tu "kufukuza baridi", acha. Pombe ya jioni inalegeza koo lile lile ambalo mashine inahangaika kulishikilia. Vidonge vya usingizi vivyo hivyo.

Majirani waambie ukweli mara moja, kwa sauti, pale kijiweni: ni feni, inapuliza hewa ya kawaida, oksijeni haimo. Ukitaka kuwachekesha waambie ya kwanza ilitengenezwa kwa mota ya aina ya mashine ya kufyonza vumbi. Ni kweli: daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, ndivyo alivyoanza, na mwaka 1981 yeye na wenzake wakaandika kuhusu wagonjwa watano waliolala nayo. Nadhani sura za hao watano zilitisha kuliko yako.

Kuhusu mama watoto, mimi nitamtetea. Amelala miaka akisikiliza mume wake anakata pumzi gizani, anahesabu, anasubiri kama itarudi. Wewe hukuwahi kuisikia hofu hiyo, ulikuwa umelala. Halafu siku moja mume anaingia kitandani na mpira usoni kama mgonjwa wa wodi ya mwisho. Usimwombe arudi kwanza. Mpe barakoa aishike, aiweke usoni kwake asikie hewa yenyewe ni ya nini. Mwanao naye mpe, acha awe rubani.

Kaitoe hiyo mashine huko chini ya kitanda leo jioni, ukamwombe sweta kuukuu na sindano. Atakuuliza la nini.